Mchezo wa Roboti wa FIRST LEGO League: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kanuni na Mbinu

FIRST LEGO League ni mashindano ya watoto ya roboti zinazojengwa kwa LEGO, vile vipande vya plastiki vya kuunganisha. Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoanza, walimu waliokabidhiwa klabu ya roboti bila maelezo mengi, na wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanafanya nini kila Jumamosi. Mifano nimeitoa kwenye msimu wa 2024–2025 uliopewa jina la SUBMERGED, msimu wa bahari. Nimeuchagua kwa kuwa matumbawe, papa na meli iliyozama havihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa pwani, na kwa kuwa misheni zake ni nzuri sana kwa kujifunzia kupanga mbinu. Misheni hubadilika kila msimu. Kanuni za msingi hubadilika kidogo tu, lakini hubadilika, kwa hiyo kitabu cha kanuni cha msimu wenu ndicho chenye neno la mwisho.

Mchezo wenyewe ukoje?

Kuna meza, juu yake umetandikwa mkeka uliochorwa, na juu ya mkeka zimesimama modeli za LEGO za kusukuma, kuvuta, kuinua au kubeba. Kila kazi ya namna hiyo inaitwa misheni. Roboti ina dakika mbili na nusu, yaani sekunde 150, kutimiza misheni nyingi kadiri iwezavyo, ikijiendesha yenyewe kwa programu mliyoiandika. Inatoka nyumbani, yaani sehemu ya meza mnapoiandalia na mnaporuhusiwa kuigusa, inafanya kazi, inarudi, mnaibadilisha mkono (kifaa kinachofungwa kwenye roboti kwa kazi fulani), inatoka tena.

Meza mbili huwekwa mgongo kwa mgongo na timu mbili hucheza kwa wakati mmoja, lakini hampambani. Kila timu inatafuta pointi zake upande wake. Mnacheza mechi tatu rasmi, na inayohesabiwa ni ile moja yenye pointi nyingi zaidi. Likumbukeni hilo la mechi moja bora, kwa sababu lina uzito mkubwa kwenye mbinu, na nitalirudia huko mbele.

Yalianzaje?

Yalianza kwa majaribio mwaka 1998, kwa ushirikiano wa Dean Kamen, mvumbuzi wa Kimarekani aliyeanzisha shirika la FIRST mwaka 1989, na Kjeld Kirk Kristiansen wa kampuni ya LEGO.

Nani anaruhusiwa kushiriki?

Watoto wa miaka 9 hadi 16. Marekani na Kanada mwisho ni 14. Timu ina watoto wasiopungua wawili na wasiozidi kumi, pamoja na watu wazima wawili wa kuwalea.

Tunaweza kuchongesha meza wenyewe?

Ndiyo, na msinunue ya kuagiza. Ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, ule unaouzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, ndio sakafu kamili ya meza. Juu yake mnasimamisha mbao pande zote nne ziwe ukuta.

Sasa angalieni hapa, maana ndipo meza nyingi zinapoharibika. Vipimo vya kanuni vinahusu nafasi ya ndani: takriban milimita 2362 kwa 1143. Hesabu hiyo inatoka kwenye mbao ambazo unene wake halisi ni milimita 38. Mbao zetu za mbili kwa nne zikitoka kiwandani bila kupigwa randa huwa nene zaidi, pengine karibu milimita 50. Zikipigiliwa hivyo juu ya plaiwudi, nafasi ya ndani inapungua na mkeka hautalala vizuri. Utajikunja pembeni na roboti itapanda kile kikunjo. Mwambieni fundi seremala apige randa mpaka milimita 38, au asogeze mbao nje kidogo ya ukingo wa plaiwudi. Mpeni kipimo cha ndani, asipime kutokea nje. Na aweke fremu chini, kwa sababu plaiwudi isiyoshikiliwa katikati hubonyea baada ya miezi michache, na roboti iliyozoea bonde haitajua kwenda kwenye meza iliyonyooka.

Roboti inaruhusiwa kuwa na nini?

Kidhibiti kimoja, yaani ubongo wa roboti, mota zisizozidi nne kwa mechi, na vihisi vya aina zilizotajwa: cha mguso, cha rangi, cha umbali na cha mzunguko. Vipande vyote viwe vya LEGO kama vilivyotoka kiwandani. Hakuna gundi, hakuna kukata kipande, hakuna mkanda wa kubandika. Kamba na mirija ya LEGO inaruhusiwa kukatwa kwa urefu mnaoutaka.

Mota nne zinaonekana nyingi mpaka mpige hesabu. Mbili zinaendesha magurudumu. Zinabaki mbili za mikono. Ndiyo maana timu nzuri hutumia mikono mingi isiyo na mota kabisa: ndoano, bapa la kusukumia, fremu ya kuzoa. Mkono wa namna hiyo haushiki joto, hausahau nafasi yake, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuutengeneza upya ukivunjika.

Rimoti je?

Hapana. Hakuna kuiongoza roboti kwa mbali, iwe kwa simu, kwa Bluetooth au kwa njia nyingine yoyote.

Ukaguzi wa kabla ya mechi unahusu nini, na zile pointi 20 zinapatikanaje?

Kabla ya mechi refa anaangalia vifaa vyenu vyote: roboti, mikono, kila kitu mtakachokitumia. Kimo kisizidi inchi 12, yaani milimita 305, na vitu vyote vienee kwenye maeneo mawili ya kuondokea, yaani pale roboti inapozinduliwa, moja kushoto na moja kulia. Vikienea vyote kwenye eneo moja tu, mnapata pointi 20 kabla roboti haijasogea hata sentimita.

Pointi 20 ni sawa na kuitoa hazina kwenye kiota cha kraken, dude la baharini la hadithi, katika SUBMERGED. Hakuna misheni ya uhakika kuliko hii, na bado kuna timu zinazoiacha kwa kuwa mtu alitengeneza mkono mrefu kama mlingoti. Chukueni karatasi, chora umbo la eneo la kuondokea kwa vipimo vyake, libandikeni juu ya boksi la vifaa. Kila mkono mpya ukizaliwa, upangeni pale pamoja na wenzake kabla hamjaupenda sana.

Nani anasimama mezani?

Wachezaji wawili kila upande wa meza, wanne kwa jumla. Wengine wanasimama nyuma na wanaweza kupokezana nao katikati ya mechi. Wa kushoto anabaki kushoto, wa kulia anabaki kulia. Roboti ikitakiwa upande wa pili, inakwenda kwa magurudumu yake. Kocha hakai mezani.

Mbinu inayotokana na hili: si lazima roboti irudi ilikotoka. Safari inayoanzia kushoto, ikapita katikati ya mkeka ikifanya kazi mbili tatu, ikaishia kulia, huokoa muda wote wa kurudi. Nusu ya mikono iwe inasubiri kule.

Tukiigusa roboti ikiwa nje tunapata hasara gani?

Mnapoteza tokeni moja, yaani kisahani kimoja kati ya vile vinavyowapa pointi mwishoni. Mechi inaanza na tokeni sita, na thamani yake mwishoni ni hii: zikibaki sita ni pointi 50, tano pia 50, nne 35, tatu 25, mbili 15, moja 10, na zisipobaki kabisa hamna kitu.

Isomeni tena polepole. Sita ni 50 na tano ni 50. Mguso wa kwanza hauna gharama ya pointi. Wa pili unagharimu 15, wa tatu 10, wa nne 10. Mtoto anayejua hesabu hii hasimami ameduwaa roboti ikikwaruza ukuta. Kama zimebaki sekunde 60 na safari mbili hazijafanyika, iokoeni mara moja, kwa sababu mkisubiri mtapoteza zaidi ya 15. Kama zimebaki sekunde nane na hakuna safari nyingine, iacheni ilipo. Kanuni inaruhusu kuizima roboti pale pale bila kupoteza tokeni, maadamu hamtaizindua tena.

Kuna hasara nyingine ambayo watu huisahau. Roboti ikikatishwa ikiwa imebeba kitu ilichokiokota njiani katika safari hiyo hiyo, kitu hicho kinachukuliwa na refa na hakirudi. Kama ilitoka nacho nyumbani ilipozinduliwa, mnabaki nacho. Kwa hiyo roboti iliyojaza kikapu huko mbali inastahili kusubiriwa kwa sekunde kadhaa zaidi kuliko roboti tupu.

Zoezi linalosaidia: mmoja anaendesha, mwingine anatamka kwa sauti "shika" au "acha" kila roboti inapokwama. Baada ya mazoezi mnajadili kwa hesabu kama aliamua sawa. Ni uamuzi wa sekunde moja, na haufundishiki siku ya mashindano.

Pointi zinahesabiwa wakati gani?

Mwisho wa mechi, kwa hali ya meza ilivyo. Roboti ikitimiza misheni kisha ikaivuruga yenyewe wakati wa kurudi, pointi zimekwenda. Njia ya kurudi inahitaji kupangwa sawasawa na njia ya kwenda, na kwa kweli mimi naikagua zaidi, kwa sababu watoto huwa wameshashangilia na hakuna anayeitazama.

Zingatieni pia maneno mawili yanayojirudia kwenye kitabu: "yote" na "angalau sehemu". Katika SUBMERGED, papa akiacha kugusa pango ni pointi 20. Akigusa mkeka huku angalau sehemu yake ikiwa ndani ya makazi yake, kuna 10 za ziada. Sehemu tu. Haina haja ya kutengeneza mkono wa kumlaza kwa ustadi. Msukumo mmoja mzuri unatosha. Lakini sanduku la hazina la kraken lazima litoke lote nje ya kiota, na likibaki limegusa ukingo kwa upana wa ukucha, zile 20 hazipo. Kila msimu tunakaa na kitabu na kalamu mbili za rangi: moja kwa "yote", moja kwa "angalau sehemu". Rangi ya kwanza inadai usahihi, ya pili inaruhusu kasi.

Picha ikipingana na maandishi?

Maandishi yanashinda. Na taarifa za marekebisho zinazotolewa na waandaaji katikati ya msimu zinashinda kitabu chenyewe. Mpeni mtoto mmoja jukumu la kuzifuatilia kila wiki.

Tukiona refa amekosea?

Mwisho wa mechi refa anapitia meza pamoja nanyi, misheni kwa misheni, kabla ya kitu chochote kuondolewa. Huo ndio wakati wenu. Anayeongea ni mtoto, si kocha wala mzazi. Aseme kwa adabu, aonyeshe kitu chenyewe, ataje kanuni. Jambo likiwa ukingoni kiasi kwamba refa hawezi kuamua, shaka inaamuliwa kwa upande wa timu. Mkishakubaliana na matokeo, yameisha. Msiguse chochote kabla ya hapo, hata kama mnadhani mnasaidia kusafisha.

Tuanze na misheni ipi?

Timu nyingi huorodhesha misheni kwa pointi na kuanza na kubwa. Nashauri muanze na ramani. Tandikeni mkeka, kaeni chini pembeni yake, na mjiulize roboti ikisimama hapa, inaweza kugusa nini bila kuhama?

Chukueni ile meli iliyozama. Samaki wa kina kirefu akinasa ndani ya meli ni pointi 30. Mlingoti ukisimama kabisa ni 30. Ni vitu viwili mahali pamoja, kwa hiyo kituo kimoja kina thamani ya 60. Linganisheni na kulisha nyangumi: kila krili (mfano wa uduvi) mdomoni ni 10, wako watano, jumla 50. Zinaonekana karibu sawa. Lakini krili wametawanyika huku na huko, na inabidi waokotwe kwanza ndipo wapelekwe. Kwenye meli mnahitaji kufika mara moja. Kwa nyangumi mnahitaji kufika mara kadhaa, isipokuwa kila safari ya kazi nyingine iwe na fremu ya kuzoa krili aliye njiani. Hapo krili wanakuja nyumbani kama abiria wa bure, mnawapakia wote, na safari moja ya mwisho inawapeleka.

Kwa hiyo mpango unajengwa kwa safari, wala si kwa misheni moja moja. Andikeni kila safari kwenye kadi: inatoka upande gani, inafanya nini, inarudi upande gani, inachukua sekunde ngapi, ina pointi ngapi. Gawanyeni pointi kwa sekunde. Safari ya pointi 60 kwa sekunde 20 inapewa nafasi ya kwanza. Safari ya pointi 40 kwa sekunde 35 inasubiri, hata kama mtoto aliyeibuni anaipenda kuliko zote. Panga kadi mezani, zipangueni, zipangeni tena. Mabishano yatakayotokea hapo ndiyo kazi yenyewe.

Misheni nyingine zinategemeana. Mpiga mbizi anaanzia kwenye kitalu cha matumbawe, na pointi zake za pili zinapatikana akining'inizwa kwenye mwamba. Kumtoa tu ni 20, kumning'iniza ni 20 nyingine. Timu changa ichukue zile 20 za kwanza na kuondoka. Kumtundika kwenye nguzo ni kazi ya mwezi wa tatu.

Tufuate misheni chache za uhakika au nyingi za kubahatisha?

Hapa naomba mnivumilie, ni hesabu, na ni hesabu muhimu kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Tuseme mna misheni kumi, na kila moja inafanikiwa mara tisa kati ya kumi. Watu husikia "tisa kwa kumi" wakaridhika. Uwezekano wa zote kumi kufanikiwa kwenye mechi moja ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani kama asilimia 35. Mna mechi tatu na inahesabiwa bora, kwa hiyo uwezekano wa kuipata mechi kamili angalau mara moja unafika asilimia 72 hivi. Si mbaya.

Sasa teremsheni uhakika hadi saba kwa kumi. Misheni zote kumi kwenye mechi moja: chini ya asilimia 3. Kwa mechi tatu: kama asilimia 8. Kutoka tisa hadi saba ni tofauti ndogo mazoezini. Mtoto atakuambia "mara nyingi inafanya". Mezani ni tofauti ya kombe na kurudi mikono mitupu.

Ndiyo maana nasema kabla ya kuongeza misheni ya kumi na moja, zipandisheni zile kumi. Misheni haijaisha mpaka ifanikiwe mara kumi mfululizo, betri ikiwa imejaa na ikiwa nusu, akiendesha mtoto yeyote wa timu. Ikikosea mara ya tisa, hesabu inaanza upya.

Na ile kanuni ya mechi bora? Inawapa ruhusa ya kuthubutu, ila kwa mpangilio. Mechi ya kwanza chezeni mpango salama kabisa. Mkishaweka pointi za kuaminika, mechi ya pili na ya tatu ongezeni safari moja yenye hatari, na iwekeni mwisho, ili ikifeli isivuruge zilizotangulia. Timu inayoanza na hatari mechi ya kwanza inaingia ya pili na hofu, na hofu inaonekana vidoleni.

Dakika mbili na nusu hazitutoshi. Tuongeze mwendo wa roboti?

Pimeni kwanza muda roboti inapokuwa imesimama. Timu yenye safari tano inabadilisha mkono mara nne. Kila badiliko likichukua sekunde kumi, ni sekunde 40 roboti ikiwa haifanyi lolote. Kila badiliko likishuka hadi sekunde nne, mmerudishiwa sekunde 24, ambazo ni safari nzima.

Mikono isiunganishwe kwa pini za kubonyeza. Tengenezeni roboti yenye kitako tambarare juu na mikono inayodondoshwa kutoka juu, ishikwe na uzito wake na meno ya gia. Mtazameni mchezaji aliyezoea: roboti haijasimama sawasawa, mkono wa kushoto umeshanyanyua kifaa cha zamani, wa kulia unashusha kipya, mwenzake ameshaisukuma roboti kwenye pembe ya eneo la kuondokea, kidole kiko kwenye kitufe. Hawaongei. Hilo linapatikana kwa kufanya zoezi la kubadilisha mikono peke yake, saa ya simu ikihesabu, bila hata kuwasha programu.

Kuongeza mwendo ni jambo la mwisho. Roboti inayokwenda kasi huteleza inapoanza na inaposimama, na mtelezo haupimiki.

Darasani inafika vizuri. Kwa nini kwenye mashindano inapotea?

Kwa sababu kosa dogo la mwanzo hukua kwa umbali. Roboti ikiondoka imepinda nyuzi moja tu, baada ya mita moja imekosea kwa milimita 17, na baada ya mita mbili kwa milimita 35. Ndoano yenye upana wa sentimita mbili imeshakosa shabaha. Nyuzi moja haionekani kwa macho. Kwa hiyo msiipange roboti kwa kukadiria. Tengenezeni kigezo cha LEGO kinachokaa ukutani, roboti inaegemea hapo, kigezo kinaondolewa, ndipo mnaizindua.

Pili, roboti isisafiri mbali bila kujisahihisha. Ukuta ni rafiki: ikirudi nyuma taratibu mpaka makalio yote mawili yaguse ukuta, imenyooka upya. Mistari ya mkekani nayo ni rafiki. Vihisi viwili vya rangi vikiukuta mstari mweusi, kila gurudumu linasimama kihisi chake kinapouona, na roboti inakuwa imejipanga. Kihisi cha mzunguko kisawazishwe roboti ikiwa imetulia kabisa. Mtoto akiwa bado ameishika, usomaji utakuwa unateleza mechi nzima.

Tatu, msipime safari kwa sekunde kwenye programu. Pimeni kwa mizunguko ya gurudumu. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 56 likizunguka mara moja linasogea milimita 176 hivi, betri ikiwa imejaa au imechoka. Amri ya "nenda sekunde mbili" inategemea nguvu ya betri, na shuleni ambako umeme hukatika, betri haiwi sawa siku mbili mfululizo.

Kisha kuna mwanga. Kihisi cha rangi kilichofundishwa darasani lenye dirisha kubwa saa nne asubuhi kitasoma vingine chini ya taa za ukumbi. Kishusheni karibu na mkeka, kizungusheni kizuizi cha vipande vyeusi, na muwe na programu fupi ya kusoma upya nyeupe na nyeusi kabla ya mechi. Na vumbi: futeni magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kila mechi. Gurudumu lenye vumbi huteleza, na mji wowote wenye barabara ya udongo karibu na shule unalijua hilo.

Misheni ya pamoja na timu jirani inafanyika vipi?

Katika SUBMERGED ilikuwa ile ya nyambizi inayokaa kwenye mpaka wa meza mbili. Bendera yenu ya njano ikishuka ni pointi 30, na hizo ziko mikononi mwenu. Nyambizi ikiwa dhahiri iko karibu zaidi na upande wa wenzenu, kuna 10 za ziada. Kabla ya mechi nendeni mkaongee na timu ya upande wa pili. Waulizeni watafanya wakati gani, waambieni nyinyi mtafanya lini.

Mchezo wa roboti una uzito gani kwenye ushindi wa jumla?

Robo. Robo nyingine ni usanifu wa roboti, robo ni mradi wa ubunifu, na robo ni maadili ya msingi ya mashindano. Timu inaingia kwa majaji kwa takriban nusu saa, watoto peke yao wakieleza. Nimeona timu zikiumia kwa kutojua hili: roboti nzuri, lakini aliyeiandikia programu ni mmoja na wenzake tisa hawawezi kueleza inavyofanya kazi. Jaji anamuuliza yule aliye kimya mwishoni mwa mstari.

Kwa mradi, chagueni tatizo mnaloweza kulifikia kwa miguu au kwa daladala. Msimu wa bahari ulidai tatizo la wanaochunguza bahari. Timu ya Unguja ina wakulima wa mwani wa Paje na watafiti wanaochunguza jinsi bahari inavyopata joto na mwani aina ya cottonii unavyoshindwa kustawi maji ya kina kifupi. Mazungumzo na watu hao yana thamani kuliko kurasa ishirini zilizonakiliwa.

Ustaarabu unapewa alama kweli?

Kweli. Kila mechi refa anaandika alama ya mwenendo wa timu: mbili, tatu au nne, na zinaingia kwenye maadili. Kuiazimisha timu nyingine chaja, kutomlaumu mwenzako roboti ilipokwama, kumshukuru refa: vyote vinaonekana.

Kocha aruhusiwe kusaidia kiasi gani?

Aulize maswali. Asijenge, asiandike programu. Mwalimu akiona mkono umefungwa ovyo, amwulize mtoto, "Ukiutikisa hivi, inakuwaje?" kisha anyamaze. Ni vigumu kunyamaza, hasa wiki ya mwisho, lakini roboti iliyojengwa na mtu mzima hugundulika kwa majaji ndani ya dakika tano.

Tuna seti moja na watoto 25. Tufanyeje?

Timu moja haizidi kumi. Gawanyeni timu, na meza ishirikiwe kwa ratiba. Wasio mezani siku hiyo wana kazi: kubadilisha mikono kwa saa, kusoma kanuni, kuhojiana kama majaji, kuchora safari kwenye karatasi yenye vipimo vya mkeka. Sehemu kubwa ya mbinu haihitaji roboti.

Haya ndiyo mashindano ambayo kila nchi hupeleka timu moja?

Hapana, hayo ni FIRST Global Challenge, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Washington mwaka 2017 na kufika Dubai mwaka 2019. Ni ya vijana wa sekondari, roboti ni kubwa zaidi na huendeshwa na wachezaji, na nchi huunganishwa kwenye miungano ya kucheza pamoja. Aliyeanzia kwenye mkeka wa LEGO atayakuta mengi anayoyafahamu.

Siku ya mashindano tubebe nini?

Roboti na nakala ya programu kwenye kompyuta mbili. Betri ya akiba iliyojazwa usiku uliopita, chaja, na waya wa kurefushia umeme, maana ukumbini soketi hazitoshi. Kitambaa cha kufutia magurudumu. Picha zilizochapishwa za kila mkono kutoka pande tatu, ili ukianguka ujengwe upya bila kukisia. Boksi la vipande vya akiba, hasa pini. Kadi za safari. Kitabu cha kanuni pamoja na marekebisho yake yote. Chakula na maji kwa siku nzima, kwa sababu mechi zikichelewa, majaji hawachelewi.

Nendeni mapema mkaombe meza ya mazoezi, na kabla ya kuendesha chochote, pitisheni kiganja juu ya mkeka mkitafuta vikunjo.